Mafaili yamerudi bila majina: nini hupotea unaporejesha vilivyofutwa kwenye diski

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Nina diski ya nje ya TB 1, niliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Ndani kulikuwa na folda ya utafiti wangu: mahojiano ya sauti na wazee wa vijiji vya Bahi na Chamwino, picha, fomu za ridhaa nilizoskani, na jedwali la Excel linaloonyesha kila namba ya mahojiano ni ya nani. Nilikuwa napunguza vitu, nikaifuta folda hiyo kwa Shift na Delete nikidhani ni nakala ya ziada. Rafiki yangu akaleta programu ya PhotoRec, tukarejesha kila kitu na kukihifadhi kwenye diski hiyohiyo. Tumepata mafaili zaidi ya 9,000, lakini hayana majina yake, yote yanaanza na herufi f na namba ndefu. Mengine hayafunguki. Mengine ni picha za harusi ya watu nisiowajua kabisa. Kinachonichanganya ni kwamba zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu, sasa majina yalifutwa na nini? Fundi mmoja ameniambia niifomati kwanza ndipo programu isome vizuri, na mwenzangu chuoni anasema niiweke kwenye friza usiku mmoja. Je, nimeshapoteza kila kitu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kabla hujaendelea kusoma, kama diski bado imechomekwa, ichomoe. Usihamishe kitu, usiyafute yale mafaili 9,000 ukidhani unapunguza uchafu, na usiyabadilishe hayo majina ya ajabu. Nitakuonyesha kwamba yana kazi. Ifunge diski kwenye mfuko, uiweke mbali na vumbi letu hili, kisha tuzungumze.

Hujapoteza kila kitu. Ila umepoteza kitu ambacho pengine hukujua kuwa kinaweza kupotea peke yake. Wengi tunadhani faili likifutwa kuna mawili tu, linarudi au halirudi. Kumbe faili ni mambo kadhaa yaliyoandikwa sehemu mbalimbali za diski: yaliyomo ndani, jina, folda lilimokaa, tarehe, ukubwa, na maelezo ya vipande vyake viko wapi. Kila kimoja huharibika kwa wakati wake na kwa sababu yake. Kwako wewe majina yametangulia, na katika utafiti kama wako hilo si dogo. Saa nzima ya mzee akisimulia, kama hujui ni nani, wa kijiji gani, na kama alitia saini fomu ya ridhaa, huwezi kuiweka kwenye tasnifu hata kama sauti inasikika vizuri mno.

Sasa lile linalokuchanganya. Diski nyingi za nje zinazotumiwa na Windows huwa na mfumo wa mafaili uitwao NTFS, nami nachukulia kwamba yako ni hivyo. NTFS ina daftari lake kuu, MFT, ambamo kila faili na kila folda hupewa mstari wake, kwa kawaida wenye ukubwa wa KB 1. Mstari huo ndio unaobeba jina, tarehe na orodha ya sehemu za diski zenye yaliyomo. Chukulia gesti hapa mjini wakati wa vikao vya Bunge. Mgeni akiondolewa, mhudumu anagonga tu alama kwenye rejista kwamba mstari huu uko wazi, mizigo ikibaki chumbani. Akija mgeni mpya, jina lake linaandikwa kwenye mstari wa kwanza ulio wazi, juu ya jina la zamani, hata kama yeye mwenyewe atapewa chumba kingine kabisa ambacho hakijawahi kulaliwa. Vyumba vinaweza kuwa tele. Mistari iliyo wazi ndiyo hujazwa mapema.

Ndivyo NTFS inavyofanya. Kabla ya kulirefusha daftari, hutumia kwanza mistari iliyoachwa na mafaili yaliyofutwa. Ulipofuta folda yako, tuseme ilikuwa na mafaili mia kadhaa, mistari mia kadhaa iliwekewa alama ya wazi, lakini majina yalikuwa bado yamo. Kisha mkaiandikia diski hiyohiyo mafaili 9,000. Kila moja lilihitaji mstari. Nusu ya diski kuwa tupu kusingesaidia, kwa sababu nafasi ile tupu ni ya yaliyomo, haihusiani na mistari ya daftari. Ndiyo maana mtu anaweza kuokoa karibu sauti zote na kupoteza karibu majina yote kwa tendo moja.

Kuna la pili, na hapa rafiki yako asilaumiwe sana, maana hata mafundi wengi hulikosea. PhotoRec haikuyapoteza majina. Haikuyatafuta. Programu hiyo hailitazami daftari kabisa. Inapita sekta baada ya sekta, yaani vijisehemu vidogo ambavyo diski imegawanywa, ikitafuta alama za mwanzo wa aina za mafaili zinazojulikana. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, sauti ya WAV huanza na herufi RIFF, na faili la Word au Excel la siku hizi huanza na PK kwa kuwa ndani yake ni faili la ZIP. Ikikuta alama, inaanza kunakili hadi inapoona mwisho. Njia hii ni nzuri sana pale daftari limeharibika kabisa. Lakini ikitangulia, inakupa yaliyomo pasipo jina, pasipo folda, na mara nyingi kwa tarehe ya leo. Cha kusikitisha ni kwamba PhotoRec husambazwa pamoja na programu mwenzake, TestDisk, ya mwandishi yuleyule Christophe Grenier, ambayo husoma mistari iliyofutwa kwenye NTFS na kukuorodheshea majina. Ilikuwemo kwenye kifurushi hichohicho alichopakua rafiki yako. Utaratibu ni kuanza na kinachosoma daftari, na kuiacha PhotoRec mwisho.

Sasa kwa nini mengine hayafunguki? Sababu ni zaidi ya moja, na zinafaa kutenganishwa kwa sababu dawa zake si sawa.

Ya kwanza ni vipande. Faili kubwa likiandikwa kwenye diski yenye mashimo mashimo ya nafasi, NTFS hulikata na kuliweka sehemu mbalimbali. Orodha ya vipande hivyo ilikuwa kwenye mstari wa daftari, na mstari haupo. Programu inayotafuta alama za mwanzo hudhani faili limenyooka, hivyo inachukua kipande cha kwanza na kuendelea na chochote kilichofuata. Unaweza kusikia mzee akianza vizuri, dakika ya kumi ikageuka kelele tupu, au ukakuta picha nusu yake ni ya mkutano wa kijiji na nusu ni rangi ya kijivu. Picha ndogo na hati fupi huathirika kidogo. Rekodi ndefu na video ndizo zinazoumia.

Ya pili ni aina ya faili. Kama ulirekodi kwa simu, uwezekano mkubwa mahojiano yako ni M4A. Aina hii ina faharasa inayoeleza sauti imepangwaje, na simu nyingi huiandika mwishoni, baada ya wewe kubonyeza kusimamisha. Mwisho ukikatika, kicheza sauti hakiwezi kusoma chochote hata kama dakika 50 za mwanzo zimo zote. Usilifute faili la namna hiyo. Zipo programu kama untrunc zinazojenga faharasa upya kwa kuiga rekodi nzima iliyofanywa na simu ileile kwa mipangilio ileile. MP3 ni mvumilivu zaidi, kwa sababu imegawanywa vipande vidogo vinavyojitegemea na inaweza kuchezwa kuanzia katikati. WAV nayo huokoka vizuri, kwani baada ya kichwa chake kifupi kinachofuata ni sauti tu. Hati za Word na majedwali ya Excel yana tabia ya M4A: orodha ya yaliyomo kwenye ZIP iko mwishoni, ikikosekana Word inakataa, ilhali mara nyingi maandishi yenyewe yanaweza kuchomolewa na mtu anayejua kuifungua ZIP iliyoharibika.

Ya tatu ndiyo isiyo na dawa: sekta zimeandikwa upya. Pale mafaili mapya yalipoangukia juu ya ya zamani, hakuna programu, hakuna maabara itakayoyarudisha. Nalisema wazi kwa sababu utakutana na mtu atakayekuuzia matumaini kwamba zipo mashine za kusoma "tabaka la chini". Hoja hiyo ilipata nguvu kutokana na andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996, lililohusu teknolojia ya diski za enzi zile. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotoka 2006, ulikwishasema kwamba kwa diski za kisasa kuandika juu mara moja kunatosha kuzuia data isirejeshwe. Ukitaka kujua hasara yako inaweza kufika wapi, jumlisha ukubwa wa zile folda za recup_dir, ambamo PhotoRec iliweka mafaili mliyorejesha. Kama zina GB 90, basi nafasi iliyoandikwa upya na kazi ile ni GB 90, na si zote zilizoangukia mahali palipokuwa na data yako. Sehemu nyingine ilikuwa tupu kweli.

Kuna hasara ya nne ambayo watu huigundua wakiwa wameshachelewa, nayo ni faili linalofunguka vizuri lakini si lenyewe. Word na Excel, unapobonyeza kuhifadhi, kwa kawaida huandika faili jipya la muda, kisha hulipa jina la lile la zamani na kulifuta la zamani. Kwa hiyo diski ya mtu anayeandika tasnifu imejaa matoleo ya nyuma yaliyofutwa kimyakimya. Katika yale 9,000 unaweza kukuta jedwali lako la namba za mahojiano mara nyingi, na lile unalolifungua kwanza likawa la miezi miwili kabla, lenye watu 19 badala ya 34, au lenye namba ulizokuja kuzibadilisha. Linafunguka, linapendeza, na ni la zamani. Usiliamini hadi ufungue sehemu ya taarifa za faili ndani ya Excel yenyewe na kuangalia lilibadilishwa mwisho lini. Tarehe inayoonekana nje kwenye folda mara nyingi ni ya siku mliyorejesha, usiitegemee. Wakati huohuo hili ni jambo jema kwako: hata kama toleo la mwisho limekufa, yumkini lipo la nyuma yake ambalo ukiongeza kumbukumbu zako za uwandani litakamilika.

Usikubali kufariji moyo na zile nukta za kijani ambazo baadhi ya programu huweka pembeni ya jina zikidai faili liko katika hali nzuri sana. Programu inachokagua hapo ni kama nafasi ile inatumiwa na faili jingine hivi sasa. Kama iliandikwa upya wiki iliyopita na hilo jipya nalo likafutwa, nukta itabaki kijani na ndani mna kitu kingine. Kufungua na kusikiliza ndiyo kipimo.

Kuhusu ushauri uliopewa, sitazunguka. Usifomati. Fomati ya haraka huweka daftari jipya juu ya mwanzo wa lile la zamani, yaani inaongeza palepale panapouma. Fomati kamili ni mbaya zaidi: tangu Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima, na hapo habari imekwisha. Hakuna programu ya kurejesha inayohitaji diski ifomatiwe kwanza. Windows ikikuomba ikague na kurekebisha diski unapoichomeka, ikatalie pia, maana urekebishaji wake unalenga diski itumike tena, si kuokoa mabaki ya vilivyofutwa.

Friza ni hadithi ya zamani inayohusu diski zilizokwama kimashine, na hata huko naiona ni kucheza bahati nasibu. Ukiitoa kwenye baridi hewa ya joto huacha unyevu juu ya sahani za ndani, na vichwa vya kusomea vinaelea juu ya sahani hizo kwa umbali wa nanomita chache tu. Diski yako ni nzima. Shida yako iko kwenye maandishi, baridi haiyasaidii.

Basi ufanye nini? Tafuta diski nyingine yenye ukubwa wa TB 1 au zaidi, hata ya kuazima. Kazi ya kwanza ni kutengeneza nakala pacha ya diski nzima, sekta kwa sekta, pamoja na zile nafasi zinazoonekana tupu. Kunakili na kubandika mafaili hakutoshi, kwa sababu kunachukua yanayoonekana tu. Programu ya ddrescue ndani ya Linux inayowashwa kutoka kwenye flashi inaifanya kazi hii bila malipo. Naipendelea Linux hapa kwa sababu Windows, kila unapoichomekea diski, ina tabia ya kuandika vitu vyake vidogo humo bila kukuuliza. Ila soma mara mbili ipi ni diski chanzo na ipi ni ya kupokea. Ukizigeuza, utakuwa umejifutia mwenyewe. Kama mkono unatetemeka, nenda kitengo cha TEHAMA cha chuo uombe wakufanyie hilo moja tu, mbele yako. Umeme ukikatika katikati, ddrescue yenye faili lake la kumbukumbu inaendelea ilipoishia, hivyo kwa hapa kwetu usisahau kuliwasha hilo.

Ukishapata pacha, ile ya asili iweke kabatini. Kila jaribio lifanyike kwenye pacha, na matokeo yahifadhiwe sehemu ya tatu.

Kwenye pacha, kinachotafutwa sasa ni majina. Hata mistari ya MFT ikiwa imejazwa, NTFS huacha mabaki mengine. Kila folda ina orodha yake ya vilivyomo, yenye jina, ukubwa na tarehe za kila faili, na folda ikifutwa vipande vya orodha hiyo mara nyingi hubaki diskini hadi vifunikwe. Programu za kitaalamu na watu wa uchunguzi wa kidijitali huvitafuta makusudi. Lakini kuna sehemu rahisi zaidi ambayo unaweza kuanza nayo leo usiku bila kuigusa diski: kompyuta yako. Windows hutunza njia za mkato za mafaili uliyofungua karibuni. Andika shell:recent kwenye kisanduku cha Run uone. Kila njia ya mkato imebeba jina kamili la faili, folda lilikotoka, na ukubwa wake kwa baiti. Nakili folda hiyo yote mahali salama kabla haijajaa mapya.

Umeona ninavyorudia neno ukubwa? Hapo ndipo jina na sauti vinapokutana tena. Kama orodha inasema mahojiano namba 12 yalikuwa WAV ya baiti 317,521,964, na kati ya yale 9,000 kuna WAV moja tu yenye baiti hizohizo, umempata mtu wako. Kichwa cha WAV hutaja urefu wake, hivyo PhotoRec hulikata faili mahali sahihi na ulinganisho unakubali. Kwa aina nyingine ukubwa unaweza kutofautiana kidogo, uchukulie kama dalili.

Na zile namba ndefu baada ya f ni anwani. PhotoRec hulipa faili jina kufuatana na sekta lilipoanzia. Mafaili yenye namba zinazokaribiana yalikaa jirani diskini, na yaliyokaa jirani mara nyingi yalinakiliwa siku moja. Ukiwa na uhakika wa rekodi mbili tu za ziara yako ya Bahi, tazama namba zilizo katikati yake. Uwezekano ni mkubwa kwamba nazo ni za ziara ileile, na pengine kwa mpangilio uleule. Diski iliyokatika vipande sana huvuruga mpangilio huu, kwa hiyo utumie kama pa kuanzia kutafuta. Ndiyo maana nilikukataza kubadilisha majina.

Ndani ya mafaili yenyewe kuna tarehe zisizoguswa na kufutwa. Picha nyingi za simu na kamera hubeba EXIF yenye siku na saa ya kupigwa, wakati mwingine hata mahali. M4A nayo hubeba wakati wa kurekodiwa. Linganisha na daftari lako la uwandani: siku hiyo ulikuwa kwa nani? Kisha sikiliza dakika mbili za mwanzo. Watafiti wengi huanza kwa kumwomba mhojiwa ajitambulishe, na kama ulifanya hivyo utajishukuru.

Usisahau chanzo. Kama ulitumia kinasa sauti chenye kadi, itoe kadi leo, isukume ile swichi ndogo ya pembeni, kama ipo, iwe kwenye kufunga, na usirekodi tena juu yake. Kadi hizi kwa kawaida hutumia mifumo ya mafaili ya FAT32 au exFAT badala ya NTFS. Kwenye FAT32 faili likifutwa herufi ya kwanza ya jina fupi hufunikwa kwa alama, mengine hubaki, na kwa kuwa kinasa huandika rekodi moja baada ya nyingine vipande ni vichache. Nimeona kadi ikitoa kilicho bora kuliko diski. Simu ni habari nyingine: kumbukumbu zake za ndani husimbwa, yaani hugeuzwa zisisomeke bila ufunguo wake, na nafasi iliyofutwa husafishwa haraka, kwa hiyo angalia tu kapu la taka la programu ya kurekodi na barua pepe ulizomtumia msimamizi. Google Drive hutunza vilivyofutwa kwa siku 30.

Vile vifaili vidogo mno vya maandishi, chini ya baiti 700 hivi, sitakudanganya. NTFS huviweka ndani ya mstari wenyewe wa daftari. Mstari ukijazwa, jina na yaliyomo vimeondoka pamoja.

Lini umpe mtu mwingine kazi hii? Diski ikianza kugonga tik-tik, ikisoma kwa kusuasua, ikitoweka na kurudi, au kama iliwahi kuanguka, usiendelee hata dakika moja. Kila mzunguko unaweza kukwangua sahani. Hapo panahitajika mtu mwenye chumba maalumu kisicho na vumbi na vipuri. Usimruhusu mtu aifungue mezani. Vumbi jekundu linaloingia dukani mwezi wa nane ni mawe kwa vichwa vinavyoelea nanomita chache. Wala asikudanganye kwamba atabadilisha bodi ya chini tu kutoka kwenye diski inayofanana: diski za sasa zina chipu kwenye bodi yenye vipimo vya diski ileile, bila kuihamisha haitasoma. Na kuna diski za nje ambazo saketi yake ya USB husimba kila kinachoandikwa, ukiing'oa na kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta unaona takataka. Kwa hiyo ipeleke na boksi lake lote.

Kwa fundi yeyote, wa hapa au wa Dar es Salaam, uliza kabla hujamwachia: je, utatengeneza nakala pacha kwanza? Matokeo utayaweka diski gani? Nitaona orodha na kufungua mafaili kadhaa kabla ya kulipa? Nakala zako utazifuta lini? Akijibu la pili kwamba atarudisha kwenye diski hiyohiyo, chukua mali yako uondoke. Ukiisafirisha, ifunge na sponji uibebe mwenyewe mkononi, kwa treni au basi. Kuituma kama kifurushi nisingekushauri.

Hili la kuuliza nani ataona linakuhusu kuliko wengi. Ndani mna sauti, sura na saini za watu waliokuamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uzilinde, na kamati ya maadili iliyokupa kibali hali kadhalika. Mwambie msimamizi wako mapema kilichotokea. Na kama mwisho wa kazi zote zitabaki rekodi usizoweza kuthibitisha ni za nani, usibahatishe. Rudi kijijini na rekodi, umsikilizishe unayedhani ndiye, faragha, umwombe ridhaa upya. Bahi si mbali. Yule asiyepatikana, weka rekodi yake kando na ueleze hivyo kwenye sura ya mbinu. Watahini wanaelewa data iliyopungua kuliko data iliyopachikwa.

Kuhusu wale maharusi: ni wa mwenye diski wa zamani au jamaa zake. Alifuta au akafomati haraka akadhani ameondoa, na sasa umeelewa kwa nini hakuondoa. Usizitazame zaidi, usimtumie mtu mcheke naye, na baada ya kukagua kwamba hakuna yako iliyochanganyika, zifute kwenye nakala zako zote. Zimekupa jambo moja lakini. Kuna diski za nje za karibuni ambazo hupokea amri ya TRIM na kurudisha sifuri mara tu unapofuta, kama zinavyofanya SSD za laptopu, na huko programu hizi hazipati kitu. Picha za mtu wa miaka iliyopita kusomeka mpaka leo ni dalili kwamba yako haifanyi hivyo. Siku ukitaka kuiuza, tumia fomati kamili, ukiondoa tiki kwenye chaguo la haraka, uiache ifanye kazi saa zake zote. Ila isiwe kabla tasnifu haijakubaliwa, kwa sababu mtahini akiuliza kuhusu rekodi fulani, huenda ukahitaji kurudi kwenye ile ya asili.